Kasulo: shimo likibomoka, tunauliza swali gani?

Mwaka 2014, wakaaji wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, waligundua kwamba nyumba zao zimekaa juu ya kobalti. Muda mfupi mtaa ukajaa mashimo: uani, jikoni, hata chini ya chumba cha kulala. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Lualaba iliwahamisha watu wa sehemu moja na kuizungushia ukuta. Nje ya ukuta, kazi ya shimo haikuisha.

Mutu wa mbali anauliza: hawa hawaogopi kufa? Wanaogopa. Ila utamaduni ndio unamfundisha mutu aogope nini, na akifiwa, atafute jibu wapi.

Udongo una wenyewe

Kabla ya wakoloni, wafua shaba wa Katanga hawakufungua machimbo hivi hivi. Wakubwa waliomba kwanza ruhusa kwa mababu, kwa sababu mali ya chini ni yao. Wazo hilo halijafa. Wachimbaji wengi wanaamini kwamba madini yana pepo. Mwanamke hakubaliwi kushuka shimoni. Wanasemaka akishuka, madini yatakimbia. Kwa hiyo wanawake wengi wanabakia kuosha na kuchagua mawe. Wengine wanatafuta dawa kwa mganga, wengine wanaenda kwenye maombi ya usiku.

Mambo haya yana kazi yake. Mutu anayeshuka kwa kamba kwenye giza, na tochi kichwani, anahitaji kitu cha kutuliza moyo. Mwiko unamwambia: fuata hii, utapanda salama. Hofu kubwa isiyoshikika inageuka kuwa sheria ndogo anayoweza kuishika.

Ghala la Waazande

Mfano mmoja unaofundishwa dunia nzima umetoka kwa jirani zetu. Waazande wanaishi kaskazini-mashariki mwa Kongo na ng'ambo ya mpaka, Sudani Kusini na Afrika ya Kati. Mtaalamu Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, aliandika juu yao katika kitabu cha mwaka 1937. Ghala lao la nafaka linasimama juu ya miti, na watu wanakaa chini yake kupumzika kivulini. Likiwaangukia, Waazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Lakini wanauliza swali la pili: kwa nini lianguke saa ileile hawa wamekaa pale? Wanajibu: ulozi.

Kwenye kilio huko Kolwezi ni vilevile. Kila mchimbaji anajua udongo uliolowa unabomoka, na hewa ya chini inaisha. Lakini usiku, watu wakizunguka moto, swali linageuka: «Kwa nini yeye? Nani alimuloga?» Mara nyingine macho yanamwangukia mjane, mzee au mtoto. Mwingine anasema ni Mungu alipenda. Mwingine: ajali haina kinga.

Nguzo inasahaulika

Majibu hayo yanafariji, na hakuna wa kumcheka mutu anayelia. Hatari iko hapa: yakibakia peke yake, hakuna anayeangalia nguzo. Kesho kikundi kingine kinashuka shimo lilelile, na nyumbani mutu asiye na kosa amefukuzwa. Kwa upande wa watoto sheria iko wazi: sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mulozi.

Na mvua haichagui kabila. Tarehe 27 Juni 2019, udongo ulifunika wachimbaji kwenye mgodi wa KOV, karibu na Kolwezi. Wasiopungua 36 walikufa. Tarehe 11 Septemba 2020, Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kubwa iliingia kwenye mashimo ya dhahabu na makumi ya watu walikufa.

Hakuna lazima ya kuacha swali la «kwa nini yeye?». Wazazi na wajane watazidi kuliuliza. Lakini kwenye kilio kuna nafasi ya lile lingine pia: shimo lilifika mita ngapi? Lilikuwa na miti ya kushikilia? Mvua ilinyesha usiku? Nani alibakia juu kushika kamba?

Marehemu hafaidiki tena na majibu hayo. Yule atakayeshuka kesho anafaidika.