Kutoka Damascus hadi Madina: Siku 40, Siku 3, Saa 2



Tukipima kwenye ramani, mstari ulionyooka kutoka Damascus, mji wa Sham, hadi Madina al-Munawwarah ni kama kilomita 1,050. Ndege ya abiria huweza kuzimaliza kwa muda usiozidi saa mbili. Waliotutangulia walizipima kwa visima na kwa makaburi ya njiani.

Kwa karne nyingi msafara wa Hijja wa Sham ulitoka Damascus mwezi wa Shawwal, chini ya Amirul-Hajj. Ngamia walichukua kama siku 40 kufika Madina, kisha siku kama 10 hadi Makka. Ibn Battuta aliipita njia hii mwaka 1326, miaka michache kabla ya kufika Mombasa na Kilwa. Vituo vilikuwa penye maji: Ma'an, Tabuk, al-Ula. Mwaka 1757 msafara uliokuwa ukirejea ulishambuliwa na mabedui, na maelfu ya mahujaji wakafa kwa silaha, njaa na kiu.

Mwaka 1900 Sultan Abdulhamid II wa dola ya Uthmaniya alitangaza kujengwa kwa reli ya Hijazi. Fedha hazikukopwa Ulaya. Zilitoka kwenye kodi, makato ya mishahara, na michango ya Waislamu wa Uturuki, Misri, India na kwingineko. Mhandisi mkuu alikuwa Mjerumani, Meissner, lakini kipande cha mwisho cha kuingia Madina kilisimamiwa na wahandisi Waislamu. Reli ilifika Ma'an mwaka 1904, Tabuk 1906 na Madina 1908, urefu wa karibu kilomita 1,300. Siku 40 zikawa kama siku 3.

Je, wote walifurahi? La. Mabedui walikuwa wakiishi kwa kukodisha ngamia na kwa malipo ya kuuacha msafara upite salama. Treni iliwanyang'anya riziki hiyo. Tena treni hiyo hiyo iliyobeba mahujaji ilibeba na askari. Basi Sharif Hussein wa Makka alipoasi mwaka 1916 akisaidiwa na Waingereza, reli ndiyo iliyolipuliwa. Fakhri Pasha aliishikilia Madina hadi Januari 1919. Baada ya hapo safari za treni hadi Madina zilidorora, na katika miaka ya 1920 zikakoma. Reli haikufika Makka hata siku moja. Waislamu walichanga pamoja, kisha Waislamu kwa Waislamu wakapigana juu yake.

Wala tusidhani ndege imeyamaliza haya. Baada ya vita kuanza Syria mwaka 2011, njia ya anga nayo ilifungwa. Mahujaji wa Syria walilazimika kuzunguka kupitia nchi nyingine, na ni mwaka 2024 tu ndipo waliporuka moja kwa moja kutoka Damascus hadi Jeddah, baada ya miaka 12.

Wazazi, tuifungue ramani pamoja na watoto wetu. Tuwaonyeshe kuwa ngamia, treni na ndege vyote vinahitaji kitu kimoja: amani baina ya watu. Ikikosekana, hata saa mbili huwa miaka.

Allaah atujaalie amani hiyo. Aamiyn.