Nyumba ya Mavivi: kutoka kyaghanda hadi kando ya barabara

Mashariki mwa Kongo, barabara ya taifa nambari 4 ikitoka Beni kuelekea Oicha inapita Mavivi, penye uwanja wa ndege unaohudumia mji wa Beni. Leo ni mahali pa parseli, matofali ya kuchoma na mabati. Nyumba ya familia hapa ina historia ndefu kuliko saruji yake, na hatua zake nyingi ziliamuliwa na kilichoizunguka.

Kwa Wanande wa zamani wa eneo la Beni, nyumba ya miti na udongo, iliyoezekwa nyasi au majani, ilikuwa ya kulala na kupikia. Maisha ya wanaume yalikuwa kwenye kyaghanda, banda lenye moto. Hapo mgeni alipokelewa, ugomvi ukaamuliwa, vijana wakafunzwa ukoo wao. Hilo ndilo lililokuwa sebule, mahakama na shule ya majirani wote.

Utawala wa Wabelgiji ulivuta vijiji kando ya barabara, ili kodi na kazi za lazima zisimamiwe kwa urahisi. Wakaazi wa bonde la Semuliki walihamishwa kwa sababu ya malale, na sehemu ya ardhi yao ikaingia katika Hifadhi ya Albert, Virunga ya leo. Tangu hapo nyumba ikatazama barabara. Huduma nazo zikafuata njia hiyohiyo: huko Oicha, daktari mmisionari Mmarekani Carl Becker alianza kazi katika miaka ya 1930, na hospitali yake ikajulikana sana kwa kutibu ukoma.

Kilichojenga nyumba nyingi za mabati ni kakao. Ugonjwa wa mnyauko ulipoangamiza kahawa, wakulima wa Beni walihamia kakao. Msimu ukifika, ua hugeuka kiwanda: mbegu zilizochachuka, zenye harufu kali kama siki, hutandazwa juani kwenye turubai, mtoto akizigeuza kwa nyayo. Wingu likitanda, nyumba nzima hukimbilia turubai. Usiku magunia hulala ndani na watu, maana ndiyo karo ya shule na mabati ya chumba kinachofuata.

Oktoba 2014 mauaji yalianza pembeni mwa Beni, na tangu hapo yamehusishwa zaidi na waasi wa ADF. Mashamba ya msituni yakawa hatari, familia zikakimbilia mjini, na nyumba moja ikabeba ndugu wa vijiji vitatu. Hakuna kipindi kilichoijaribu nyumba ya huku kama hiki. Ujirani na barabara, kambi ya askari au watu wengi umekuwa na uzito zaidi kuliko ukubwa wa vyumba. Wenye nyumba waliowafungulia wakimbizi wa ndani wanastahili heshima kubwa.

Lakini hatari nyingine iko kwenye karatasi. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, huku familia nyingi zikiendelea kushika parseli kwa neno la chifu na ushahidi wa majirani. Majirani hao sasa wametawanyika, wengine wamekufa. Basi mlio na wazee walio hai, andikeni sasa mipaka ya parseli zenu mbele ya mashahidi na ya viongozi wa kijiji. Na sekta ya Beni-Mbau iwaandikishe waliokimbia kabla ardhi yao haijauzwa na wasioimiliki.