Wino mwekundu kwenye kioo cheusi: rangi za logi zilitoka wapi?

Wiki hii nimekuwa kimya, testi zimefululiza na boom lenyewe halijaingia, lakini kuna kitu kimenikaa kichwani tangu Jumanne kule maabara na leo nimeona nikimwage hapa. Ni habari ya rangi kwenye logi.

Kwa wale wasiosoma kompyuta (najua mpo, hasa nyie wa Sosholojia), logi ni daftari ambalo programu inajiandikia yenyewe: saa ngapi nani kaingia, nini kimeenda sawa, nini kimekwama. Watu wa pwani wana neno zuri, batli, yaani kitabu cha safari ya chombo baharini. Huko kwetu Buseresere ukisema batli watu watakuangalia tu, sisi tunasema daftari, basi. Na madaftari yapo ya kutosha! Nenda kwenye karasha uombe kuona kauntabuku: mifuko ya mawe iliyoingia, ya nani, saa ngapi, nani kachukua dizeli kwa mkopo. Mwenye karasha mmoja ninayemfahamu ana kalamu mbili, ya bluu kwa mambo ya kawaida na nyekundu kwa anayedaiwa. Akifungua ukurasa jicho linakwenda kwenye deni kabla hajasoma neno. Hiyo ndiyo kazi yote ya rangi kwenye logi, mengine ni historia.

Na historia yenyewe inaanzia kwenye taipureta. Waliowahi kukaa ofisi za zamani za Serikali wanaukumbuka ule utepe wa wino, nusu nyeusi nusu nyekundu, katibu muhtasi anabonyeza kitufe utepe unapanda na herufi zinatoka nyekundu. Mashine za simu za maandishi zilirithi utepe uleule. Kwenye orodha ya herufi za ASCII kuna alama mbili zisizochapika, namba 14 na namba 15, na mashine kama Teletype Model 38 ilizitumia kuhamisha utepe kutoka nyeusi kwenda nyekundu na kurudi. Yaani amri ya rangi ilisafiri ndani ya maandishi yenyewe, kwenye waya mmoja. Shikeni hapo, maana tatizo lote la baadaye limetokea hapo.

Kioo kilipochukua nafasi ya karatasi, kila kampuni ikaja na alama zake na ikawa vurugu. Mwaka 1976 likatoka toleo la kwanza la kanuni ya Ulaya iitwayo ECMA-48, na mwaka 1979 Wamarekani wakatoa yao, ANSI X3.64. Terminali iliyoieneza sana ni VT100 ya kampuni ya DEC, ya mwaka 1978, ambayo cha ajabu haikuwa na rangi hata moja! Ilijua kukoleza maandishi, kupiga mstari chini, kumemeteka, mambo kama hayo. Sisi wakati huo tulikuwa mbali kabisa na mambo haya, maana mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo miaka ile wenzetu wanakubaliana namba za rangi, wino mwekundu wa ofisini kwetu ulikuwa bado ule wa utepe.

Namba zenyewe ni tamu ukizielewa. Unatuma alama ya ESC (namba 27), mabano ya mraba, kisha 31 na herufi m, maandishi yanakuwa mekundu. Ukituma 0 badala ya 31 yanarudi kawaida. Kwa nini 31? Kioo cha rangi kina mianga mitatu, nyekundu, kijani na bluu. Nyekundu ipewe 1, kijani 2, bluu 4. Jumlisha unavyotaka halafu weka 30 mbele. Nyekundu na kijani, 1 na 2, ni 3, kwa hiyo 33 ni njano. Kila mwanga ni kuwaka au kuzima, mbili mara mbili mara mbili, rangi nane. Hakuna mchoraji aliyekaa akachagua, ni hesabu ya swichi. Ndiyo maana ile bluu ya 34 juu ya kioo cheusi inaumiza macho mpaka leo. (Kwenye kompyuta za IBM za miaka ya 80 njano hafifu ilikuwa mbaya kiasi kwamba monita iliwekewa saketi maalumu ya kuigeuza kahawia. Onyo lenye rangi ya matope, jamani!)

Sasa, logi. Miaka ya 80 pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Eric Allman alikuwa anatengeneza Sendmail, programu ya barua pepe, akaiwekea syslog pembeni. Syslog inaupa kila ujumbe ngazi, kuanzia 0 ambayo ni balaa kabisa hadi 7 ambayo ni umbeya wa mafundi. Ngazi nane, rangi nane, lakini hazina undugu wowote! Syslog haisemi chochote kuhusu rangi, inaandika ngazi tu. Rangi inawekwa na anayesoma, na mimi naona mzee alipatia, kwa sababu wale waliochanganya vitu hivi viwili wametuachia taabu. Programu yenye adabu inauliza kwanza: ninakoandikia ni terminali au faili? Kama ni faili, inaacha rangi. Isiyo na adabu inamwaga amri za rangi ndani ya faili, na ukilifungua kesho yake unakuta [31m na [0m kila mahali kama mchele wenye mawe.

Kwenye wavuti ni hivyohivyo, kivinjari hakijui ESC ni mdudu gani, inabidi kila amri igeuzwe kuwa tagi za HTML. Lakini huko kuna nafuu. Tangu CSS ije mwaka 1996 unaweza kuuita mstari "kosa" sehemu moja na kuamua rangi ya "kosa" sehemu nyingine. 31 inajua nyekundu tu, haijui kwa nini.

Kuna na ubaya zaidi. Mwaka 2003 H D Moore alionyesha kwamba mtu akifanikiwa kupenyeza ESC ndani ya logi, kwa mfano kwenye jina analojaza, basi msimamizi akija kusoma, terminali yake inatii amri za mgeni. Unasoma daftari, daftari nalo linakuendesha wewe.

Lakini kilichonifanya niandike ni Jumanne. Tulikuwa kundi la watu wanne kwenye seva moja, mmoja akapaza sauti, "angalia ule mstari mwekundu!" Mshkaji wangu akabaki anakodoa macho. Kumbe kwake nyekundu na kijani ni rangi moja ya kakikaki. Miaka mitatu tunasoma wote na sikujua. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ni kama 8 katika 100, na kwa Waafrika ni wachache zaidi lakini wapo, tena mmoja anakaa dawati la pili. Ile programu ilikuwa haiandiki neno KOSA popote, inapaka rangi tu.

Tukahangaika naye usiku. Nilimpa kwanza Solarized, rangi 16 alizotoa Ethan Schoonover mwaka 2011, zenye sura ya giza na sura ya mwanga (ile ya mwanga ndiyo inanifaa mimi nikiwa nyumbani barazani, jua la saa saba halina utani). Hakuipenda. Mwisho tukaweka NO_COLOR, lile pendekezo la mwaka 2017: ukiiweka kwenye mazingira yako, programu zinazoiheshimu zinanyamaza na rangi zao. Kisha akaandika kiskripti cha mistari sita kinachoweka KOSA au ONYO mwanzoni mwa kila mstari, makosa yakiwa ya chungwa na mengine bluu ya mwanga. Juzi nimemkopa. Kinasomeka kuliko changu.

Haya, kesho saa mbili nina testi ya Compilers na desa sijaligusa. Tuonane.