Komatsu Sakyo: Mjapani aliyeizamisha nchi yake kwenye karatasi

Wadau, ukitaja Japani watu wengi watakutajia magari, redio na filamu za katuni. Wachache watakutajia waandishi wake wa riwaya za kisayansi. Leo tumwangalie mmoja wao, tena ndiye ambaye wenyewe Wajapani wanamhesabu miongoni mwa vigogo watatu wa fani hiyo, pamoja na Hoshi Shinichi na Tsutsui Yasutaka. Huyu ni Komatsu Sakyo, mzee aliyefariki mwaka 2011 baada ya kuandika kwa nusu karne.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Komatsu ni ukoo. Sakyo ni jina la kalamu tu. Jina alilopewa na wazazi wake ni Minoru.

KUZALIWA NA VITA

Alizaliwa Osaka tarehe 28 Januari 1931, akakulia upande wa Nishinomiya na kusoma sekondari mjini Kobe. Vita vilipokwisha Agosti 1945 alikuwa na miaka 14. Hilo lishike vizuri, maana bila hilo humwelewi huyu bwana. Vijana wa rika lake walitolewa madarasani wakapelekwa kufanya kazi viwandani, huku ndege za Marekani zikiteketeza miji. Kule Okinawa, wavulana wa umri wake waliingizwa vitani na wengi hawakurudi. Yeye alibaki hai kwa sababu vita vilikwisha kabla zamu yake haijafika. Swali la "ingekuwaje kama vingeendelea?" halikumtoka kichwani.

Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Kyoto kusoma fasihi ya Kiitaliano, akamaliza mwaka 1954. Akiwa chuoni alijiunga na Chama cha Kikomunisti, kisha akajitoa. Alichora pia vitabu vya katuni ili apate hela ya matumizi. Alipomaliza, maisha hayakumnyookea hata kidogo. Alifanya kazi kwenye gazeti la mambo ya uchumi, akasaidia kiwandani kwa baba yake, akaandikia redio ya Osaka mazungumzo ya vichekesho ya watu wawili, yale ambayo Wajapani wanayaita manzai. Kazi yake redioni ilikuwa kuchukua habari za siku na kuzigeuza kicheko. Msidharau kazi hiyo. Ilimfundisha kusoma kila kitu, kuanzia siasa na uchumi hadi sayansi, na kukieleza kwa lugha ambayo mtu wa kawaida anaielewa.

KUANZA KUANDIKA

Mwishoni mwa mwaka 1959 lilianza kutoka jarida la SF Magazine la kampuni ya Hayakawa. Jarida hilo lilipotangaza shindano lake la kwanza la hadithi, Komatsu alipeleka moja iitwayo Chi ni wa heiwa o, yaani "Duniani iwepo amani". Hadithi yenyewe inamhusu mvulana wa miaka 15 anayepigana katika Japani ambayo haikusalimu amri mwaka 1945. Ndiyo hivyo, lile swali lake la utotoni. Hakushika nafasi ya kwanza, lakini mlango ulifunguka.

Mwaka 1964 ikatoka riwaya yake ya kwanza, Nippon Apacchi-zoku, "Waapache wa Japani". Inasemekana aliianza kama burudani ya mkewe, maana nyumbani walikuwa hawana tena redio. Mazingira yake ni ya kweli: baada ya vita, kiwanda kikubwa cha silaha cha jeshi pale Osaka kilibaki magofu, na maskini wakawa wanaingia usiku kuiba vyuma chakavu. Watu waliwapachika jina la Waapache. Komatsu akasukuma jambo hilo mbele zaidi: katika riwaya yake, watu wale wanafikia hatua ya kula chuma chenyewe, na miili yao inabadilika. Utacheka ukisoma, lakini chini ya kicheko kuna hasira ya watu waliotupwa na nchi yao.

UGONJWA ULIOMALIZA DUNIA

Mwaka huohuo wa 1964 akatoa Fukkatsu no hi, "Siku ya Ufufuo". Kirusi kilichotengenezwa kama silaha kinatoroka baada ya ndege kuanguka. Mwanzoni watu wanadhani ni mafua tu. Wakija kushtuka, hospitali zimejaa, madaktari wanaanguka mmoja mmoja, na serikali hazina la kufanya. Wanaosalia ni watu kama elfu kumi hivi waliokuwa kwenye vituo vya utafiti huko Antaktika, ambako baridi inakizuia kirusi kile.

Riwaya hii ilitengenezewa filamu mwaka 1980 chini ya mwongozaji Fukasaku Kinji, pamoja na waigizaji wa Marekani kama Glenn Ford na George Kennedy, na baadhi ya picha zilipigwa Antaktika kwenyewe. Kisha ikaja korona mwaka 2020, na watu wakaanza kukitafuta upya kitabu cha miaka 56 iliyopita. Hapa tusije tukasema mzee alikuwa mtabiri. Alichofanya ni kusoma biolojia ya wakati wake kwa makini, kisha akajiuliza nini kitatokea ikiwa wakubwa wataendelea kucheza na vitu hivyo.

NCHI INAZAMA

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe. Nihon Chinbotsu, "Japani Inazama", alianza kukiandika mwaka 1964 na kikatoka Machi 1973. Miaka tisa! Katika kipindi hicho nadharia ya mabamba ya ardhi, yaani kwamba gamba la dunia limekatika vipande vinavyosukumana, ilikuwa bado mpya kabisa. Komatsu aliifuatilia kwa kina. Alinunua hata mashine ya kukokotoa ya mezani, kitu cha gharama wakati huo, ili ajue Japani ina uzito gani na inahitaji nguvu kiasi gani kuzamishwa.

Kisa kinaanza na kisiwa kidogo kinachotoweka baharini kwa usiku mmoja. Mwanasayansi Tadokoro na rubani wa nyambizi Onodera wanashuka chini kwenye shimo la bahari na kukuta mambo ya kutisha. Tadokoro anapiga hesabu, anagundua kwamba nchi nzima itazama, na muda uliobaki ni mfupi. Tokyo inapigwa na tetemeko. Milima ya volkeno inalipuka. Serikali inaanza kupanga kimyakimya namna ya kuwahamisha watu zaidi ya milioni 100.

Na hapo ndipo palipo na uzito wa kitabu. Mawimbi na moto vipo, lakini swali linalokuumiza ni lingine: nani atawapokea? Wanadiplomasia wanabisha hodi nchi moja baada ya nyingine. Taifa tajiri lenye viwanda linageuka kuwa kundi la waomba hifadhi. Wapo wanaoamua kubaki na kufa na ardhi yao. Komatsu alisema alichotaka ni kuwaangalia Wajapani watakuwa nani wakishapoteza nchi. Kuzama kulikuwa maandalizi tu, ndiyo maana mwisho wa kitabu pameandikwa kwamba hiyo ni sehemu ya kwanza.

Juzuu zote mbili pamoja ziliuzwa takriban nakala milioni 4. Wakati nao ulimsaidia. Mwaka 1973 ilitimia miaka 50 tangu tetemeko kubwa la Kanto la 1923, na mwezi Oktoba ikaingia taharuki ya mafuta. Watu waliokuwa wamezoea kuona uchumi unapanda tu wakaanza kuhisi sakafu inatikisika. Filamu ikatoka Desemba mwaka huohuo, na ndani yake mwanajiofizikia halisi, Takeuchi Hitoshi, anaonekana akieleza sayansi ya mabamba. Tsutsui naye, kwa utani wa kirafiki, akaandika hadithi ambamo dunia yote inazama isipokuwa Japani!

Filamu nyingine ikaja mwaka 2006, katuni mwaka 2020, na tamthilia ya televisheni mwaka 2021. Sehemu ya pili ya riwaya nayo ilitoka mwaka 2006, baada ya miaka 33, ikiandikwa kwa kushirikiana na Tani Koshu kwa sababu mzee alikuwa ameshachoka.

KAZI NYINGINE

Komatsu hakuwa mtu wa kujifungia chumbani. Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wataalamu wa kuchunguza mustakabali. Mwaka 1970 alishiriki kuandaa banda kuu la Maonyesho ya Dunia ya Osaka, yaliyotembelewa na watu zaidi ya milioni 64. Mwaka huohuo aliongoza kongamano la kimataifa la waandishi wa fani hii nchini Japani, lililomleta Arthur C. Clarke na wengine. Riwaya yake Shuto shoshitsu, inayoeleza jinsi Tokyo inavyofunikwa na wingu la ajabu na kukatika mawasiliano na nchi nzima, ilishinda tuzo kuu ya fani hiyo ya Japani mwaka 1985.

KOBE, 1995

Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995 tetemeko liliipiga Kobe na miji jirani. Waliokufa ni zaidi ya watu 6,400. Barabara ya juu ililala ubavu kama ukuta uliosukumwa. Hii haikuwa Tokyo ya kwenye karatasi. Ilikuwa miji ya utoto wake.

Wengine wangekaa wakasema "si niliwaambia?" Yeye, akiwa na miaka 64, alitoka kwenda kuuliza. Kwa mwaka mmoja aliandika mfululizo wa makala katika gazeti la Mainichi, akihoji wataalamu na waokoaji: nini kilivunjika, kwa nini kilivunjika, nani alichelewa. Makala hizo zikawa kitabu mwaka 1996. Kazi ile ilimla. Baada yake aliugua sonona, na kasi yake ya kuandika haikurudi tena.

MWISHO WAKE

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami vikaipiga kaskazini mashariki mwa Japani. Mzee alikuwa na miaka 80. Katika maneno yake ya mwisho kuchapishwa alisema kwamba zamani hakujali kufa siku yoyote, ila sasa angependa kuishi kidogo aone Japani itakavyosimama. Hakuiona. Alifariki kwa nimonia tarehe 26 Julai 2011.

Kwa anayetaka kuanza kumsoma, vitabu viwili vinapatikana kwa Kiingereza: Japan Sinks, tafsiri ya Michael Gallagher ya mwaka 1976, na Virus, tafsiri ya Daniel Huddleston ya mwaka 2012. Anza na Japan Sinks, lakini usikimbilie kurasa za milima kulipuka. Soma taratibu zile sehemu ambapo wazee wachache wamekaa chumbani usiku, wakijadili namna ya kuwaombea watu wao mahali pa kuishi. Hapo ndipo Komatsu alipotaka ufike.