Ongezeko la Mtaji: Baba Anapompa Binti Fremu

Tuseme mzee mmoja wa Bashay, wilayani Mbulu, alijenga fremu tano za biashara kando ya barabara mwaka 2009. Kiwanja, saruji, mabati na fundi vilimla shilingi milioni 18. Leo fremu zote zina watu: vipuri vya pikipiki, saluni, wakala wa pesa, duka la pembejeo, na fundi cherehani. Mthamini anazikagua na kusema zina thamani ya milioni 60. Mzee amechoka kufukuzana na wapangaji kila mwisho wa mwezi. Anamwita binti yake, ambaye ni mwalimu: "Mwanangu, hizi fremu chukua wewe." Binti anapiga goti, anashukuru. Hakuna aliyemlipa mwenzake hata shilingi. Kisha wanakwenda kuandikisha uhamisho na kuambiwa kwamba kabla ya yote kuna kodi ya ongezeko la mtaji.

"Mtaji nimeongeza wapi?" anauliza mzee.

Swali lake lina haki zote. Katika Kiswahili cha sokoni, mtaji ni fedha unayoingia nayo kwenye biashara, na kuongeza mtaji ni kuingiza fedha nyingine: umekopa Vicoba, umeuza ng'ombe wawili, umejaza duka. Anayesikia "kodi ya ongezeko la mtaji" kwa masikio hayo ataelewa kwamba serikali inamtoza kwa kujaza duka. Maana ya kisheria inakwenda upande mwingine kabisa. Mtaji hapa ni mali ya kudumu iliyowekezwa, kama ardhi, jengo au hisa. Ongezeko ni tofauti kati ya gharama uliyoingia kuipata na kuiendeleza mali hiyo, na thamani yake siku inapotoka mikononi mwako. Ukikaa nayo miaka 40 huku thamani ikipanda kila mwaka, hudaiwi kitu kwa ongezeko hilo. Siku unapoiachia ndipo hesabu inapofungwa.

Wapo wanaosema "kodi ya faida ya mtaji", na kwa muuzaji jina hilo linakaa vizuri. Kwa mtoa zawadi linazidi kuchanganya, kwa sababu faida kwa kawaida ni kitu kilichoingia mfukoni. Mwingine angependekeza "kodi ya ongezeko la thamani ya mali", ambayo ndiyo maelezo sahihi kuliko yote, lakini nafasi hiyo imeshachukuliwa: tangu Julai 1998, VAT ilipoanza kutozwa Tanzania Bara, "ongezeko la thamani" limekuwa jina la kodi inayochapwa kwenye risiti ya dukani. Kuna watu, na miongoni mwao wamo wenye elimu nzuri tu, ambao hadi leo wanadhani kodi hizo mbili ni moja. Kwa kweli ile ya mtaji haina hata sheria yake peke yake. Imo ndani ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ni sehemu ya kodi ya mapato kama ile inayokatwa kwenye mshahara wa binti mwalimu, isipokuwa kwamba pato lenyewe limetokana na mali.

Kwa maoni yangu jina tuliache. Limeshaingia bungeni, magazetini na kwenye ofisi za mapato, na istilahi iliyokwisha kuzoeleka haing'olewi kirahisi. Tatizo lililo zito zaidi limo kwenye kitenzi tunachokitumia kulieleza. Muulize mtu yeyote kodi hii hulipwa lini, atakujibu: "Ukiuza." Makala za magazeti husema ukiuza. Hata karani wa ofisini, akitaka kurahisisha mambo, husema ukiuza. Sheria haikusema hivyo. Imetumia neno pana linalobeba kuuza, kubadilishana, kutoa bure, na hata mali kuharibika au kupotea.

Kiswahili kinalo neno la upana unaokaribia huo: kuhawilisha. Ni ndugu wa hawala, yaani kukipitisha kitu kutoka mkono huu kwenda mwingine, bila kusema kama kuna bei au hakuna. Wala si neno la kubuniwa mezani. Wanavijiji wengi walishalisikia mikutanoni, pale ardhi ya kijiji inapotaka kugeuzwa kuwa ardhi ya jumla kwa ajili ya mwekezaji. Huitwa uhawilishaji, na watu hulielewa vizuri kiasi cha kuligomea. Mzee wa Bashay angeambiwa tangu mwanzo kwamba kodi hii hulipwa mali inapohawilishwa, angeshtuka zaidi kidogo kuliko kwa kusikia "ukiuza", na mshtuko huo ungemsaidia. Tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama Tanzania, uchaguzi wa kitenzi kama hiki umeacha kuwa jambo la hiari ya mwandishi wa gazeti.

Sasa kwa nini zawadi ihesabiwe? Kwa sababu isipohesabiwa, hakuna atakayeuza tena. Kila muuzaji atageuka mtoa zawadi, na fedha itapita mlango wa nyuma. Hivyo sheria inasema mtu akimhawilishia mali mtu aliye karibu naye, au akimpa yeyote bila malipo, atachukuliwa kana kwamba amepokea thamani ya soko ya siku hiyo, au gharama aliyotumia kama hiyo ndiyo kubwa zaidi. Na "aliye karibu" ni ukoo karibu wote: mke au mume, mtoto, mjukuu, mzazi, babu na bibi, kaka na dada, shangazi, mjomba, binamu. Kwa hiyo kuandika mkataba wa mauziano wa milioni 5 baina ya baba na binti hakusaidii. Thamani inayotazamwa ni ile iliyoidhinishwa na mthamini wa serikali.

Hesabu ya mzee ni hii. Thamani milioni 60, toa gharama milioni 18, ongezeko ni milioni 42. Kwa mkazi wa Tanzania kiwango ni 10%, basi kodi ni milioni 4.2, na inalipwa kwa mkupuo mmoja. Anayeilipa ni mzee, aliyetoa. Binti aliyepokea hadaiwi hiyo. Lakini sharti ni moja: mzee awe na risiti. Nani Bashay ametunza risiti ya mabati ya mwaka 2009? Kwa asiye na kumbukumbu za gharama, sheria ya sasa ina njia nyingine, yaani 3% ya thamani iliyoidhinishwa au ya malipo yaliyopokewa, ile iliyo kubwa. Asilimia 3 ya milioni 60 ni milioni 1.8. Msomaji ameshaona kichekesho: asiye na risiti analipa chini ya nusu ya mwenye risiti. Hali hiyo hutokea kila ongezeko linapozidi 30% ya thamani, jambo ambalo kwa jengo la zamani ni la kawaida. Lingejengwa juzi kwa milioni 55, mwenye risiti ndiye angecheka, kwani angelipa laki 5 tu.

Upo upande wa pili wa hesabu hii ambao husahaulika. Milioni 60 aliyohesabiwa baba ndiyo inayokuwa gharama ya binti. Akija kuziuza fremu hizo baadaye kwa milioni 75, ongezeko lake ni milioni 15 tu, zile 42 zilishamalizwa. Kwa hiyo taarifa ya uthamini na stakabadhi ya kodi ya baba ni karatasi za thamani zaidi kwake kuliko hati yenyewe, na hukaa vibaya sana kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati.

Misamaha ipo, ila haimgusi mzee huyu. Nyumba ya kuishi iliyomilikiwa na kukaliwa na mwenyewe kwa miaka 3 au zaidi haihesabiwi, mradi faida haizidi shilingi milioni 15. Shamba lenye thamani chini ya milioni 10, lililolimwa angalau miaka 2 kati ya 3 ya mwisho, nalo halihesabiwi, na hapo ndipo familia nyingi za Mbulu na Hanang zinaponusurika bila hata kujua. Fremu ya kupangisha si makazi wala si shamba. Wanandoa wanaogawana mali kwa talaka au kutengana wana mlango wao wenye masharti. Kenya, ambako kodi hii ilirudishwa mwaka 2015 na kupandishwa kutoka 5% hadi 15% mwaka 2023, uhamisho baina ya mume na mke umesamehewa waziwazi.

Kisha kuna neno kodi lenyewe, ambalo kwenye nyumba ya kupangisha ni mtihani. Mpangaji analipa kodi kwa mwenye fremu, na hiyo si kodi ya serikali. Mfanyabiashara aliyepanga anapaswa kukata 10% ya kodi hiyo na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), na hiyo huitwa kodi ya zuio. Mwenye hati hulipa wizarani kodi ya pango la ardhi. Kodi ya majengo, tangu Agosti 2021, inakatwa kwenye umeme wa LUKU, kwa hiyo mara nyingi anayeilipa ni mpangaji, bila kuulizwa. Sasa ongeza ya ongezeko la mtaji. Binti anaporithishwa wapangaji watano, anarithishwa na msamiati huu wote. Kwenye barua ya kuwaarifu wapangaji kwamba mwenye fremu amebadilika, ningemshauri aandike "pango" kila anapomaanisha fedha ya mpangaji, na "kodi" abakize kwa ajili ya serikali. Apate pia namba ya mlipakodi kwa ajili ya pango hilo. Kuwa na mshahara unaokatwa kodi hakufuti kodi ya pango.

Karatasi zenyewe zinategemea ardhi. Kama kiwanja kina hatimiliki iliyosajiliwa, msajili haandikishi uhamisho mpaka aone cheti cha TRA kwamba kodi imelipwa au haidaiwi. Kama ni ardhi ya kijiji yenye hati ya hakimiliki ya kimila, uhamisho unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji na kuingizwa kwenye masjala ya ardhi ya kijiji. Hati ya zawadi nayo hugongwa ushuru wa stempu, takribani 1% ya thamani, ndani ya siku 30. Isiyo na stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi, na zawadi baina ya ndugu ndiyo hasa hati ambayo siku moja itatakiwa mahakamani.

Ndiyo maana njia ambayo wengi huikimbilia, ya kumwachia mtoto akusanye pango bila kubadilisha jina, haimalizi lolote. Pango linaendelea kuwa pato la baba mbele ya TRA, na baba akifariki fremu zinaingia kwenye mirathi pamoja na mali nyingine. Binti atakwenda Mahakama ya Mwanzo akiwa na wapangaji wa kumtolea ushahidi kwamba walikuwa wakimlipa yeye, na kaka zake watajibu kwamba alikuwa akikusanya kwa niaba ya mzee. Tanzania haina kodi ya mirathi inayotozwa urithi wenyewe, lakini kesi ya fremu tano inaweza kula zaidi ya hiyo milioni 1.8.