Bibi 14, benchi moja: tiba ya wasiwasi ilivyotoka hospitali ikaja mtaani

Ukiwa Itaka, moyo unakwenda mbio usiku kucha kisa madeni, utaambiwa tu "acha mawazo." Zimbabwe hali hiyo wanaiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Huko, mwaka 2005, binti mmoja alijiua. Alikosa nauli ya kumfuata daktari wake.

Daktari huyo, Dixon Chibanda, hakukaa kimya. Mwaka 2006, pale Mbare, Harare, akafundisha bibi 14 kusikiliza watu. Unakaa na bibi kwenye benchi, unamwaga yote, mnachagua tatizo moja, mnapanga hatua ya kuanzia. Hakuna kuhubiriwa!

Utafiti wa 2016 ukaonyesha wasiwasi na sonona vilipungua. Benchi hilo limeshafika Zanzibar. Wewe, benchi lako liko wapi?