Nani Alichagua Hiyo Fremu?

Swali ambalo huingia kwa inboksi yangu kila mara ni hili: "Picha zangu zinacheza kama video, nifanye aje ziwe picha za kawaida?" Jibu ni fupi na nitalitoa huku chini. Lakini wasee, swali lenyewe ni la zamani kuliko simu, na watu washawahi kugombana juu yake kwa mambo mazito kuliko selfi.

Tuanze na farasi. Mwaka wa 1878 huko California, tajiri mmoja wa reli aliyewahi kuwa gavana, Leland Stanford, alitaka kujua kama farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne iko hewani. Jicho la binadamu haliwezi kujibu hilo, mbio zinalipita. Akamlipa mpiga picha Mwingereza, Eadweard Muybridge, ambaye alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi pale Palo Alto na kutandaza nyaya. Farasi akigonga waya, kamera inafyatuka. Jibu likatoka: ndiyo, kuna wakati hagusi chini kabisa. Lakini ni ule wakati miguu imekunjika chini ya tumbo, si ikiwa imenyooshwa mbele na nyuma vile wachoraji wa Ulaya walikuwa wamechora kwa miaka na mikaka. Yaani mwendo ulilazimika kusimamishwa ndipo ukweli wake uonekane. Na jamaa hakuishia hapo: 1879 akaunda mashine, zoopraxiscope, ya kuzungusha michoro iliyotokana na picha hizo ili farasi akimbie tena ukutani. Aligandisha, kisha akagandua.

Halafu kuna Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz pale Wetzlar, Ujerumani. Huyu watu wa kamera wanafaa kumsalimia kila asubuhi. Kamera za wakati wake zilikuwa mizigo. Yeye akachukua filamu ya milimita 35, ile ya sinema, akaiingiza kwenye kiboksi kidogo cha kupiga picha tuli. Badala ya ukubwa wa fremu ya sinema akaunganisha fremu mbili, akapata milimita 24 kwa 36. Kamera ya majaribio ilikuwa tayari kabla Vita vya Kwanza vya Dunia havijapamba moto, na 1925 Leica ikaingia sokoni. Ukisikia mtu anajigamba kwamba kamera yake ni ya "full frame", hicho ndicho kipimo anachotaja: mita chache za filamu ya sinema zilizogeuzwa kazi. Picha tuli ya kisasa, kwa hivyo, ilizaliwa kutoka kwa ile inayosonga. Mimi huipenda hiyo hadithi sana.

Sasa tufike pale pachungu. Novemba 22, 1963, Dallas, Rais Kennedy wa Marekani anapigwa risasi akiwa kwenye gari la wazi. Mtengenezaji nguo mmoja anayeitwa Abraham Zapruder amesimama hapo na kamera ya sinema ya nyumbani. Anapata sekunde 26 hivi, fremu 486. Jarida la Life likanunua haki, na siku chache baadaye likachapisha baadhi ya fremu kama picha za kawaida. Ile mbaya zaidi, fremu ya 313, pale risasi inampata kichwani, ikaachwa nje. Wamarekani hawakuiona filamu nzima kwenye televisheni ya kitaifa hadi Machi 1975. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 11 watu wanabishana kuhusu tukio la sekunde 26, na kilichoko mikononi mwao ni vipande tuli vilivyochaguliwa na mtu mwingine.

Ikazidi kuwa ngumu. Ripoti ya Tume ya Warren ilipotoka 1964, kwenye majuzuu ya ushahidi fremu ya 314 na ya 315 zilikuwa zimebadilishana nafasi. Fremu mbili tu! Lakini ukizipindua, mwelekeo wa kichwa unaonekana tofauti, na mwelekeo wa kichwa ndio watu walikuwa wanatumia kukisia risasi imetoka wapi. FBI ilisema ni kosa la uchapishaji. Labda ni hivyo kweli, mimi sina haja na njama. Haja yangu ni kwamba mtu ukimpa fremu bila mwendo wake, hana namna ya kukukosoa.

Rudi kwenye simu yako. HTC walijaribu mchezo huu 2013 na kitu walichokiita Zoe, lakini Septemba 2015 ndipo Apple walitoa Live Photo pamoja na iPhone 6s na dunia ikashika. Inavyofanya kazi ni hivi. Ukifungua kamera, simu inaanza kurekodi kimyakimya na kufuta inavyoendelea. Ukibonyeza, inaweka sekunde moja na nusu ya kabla na sekunde moja na nusu ya baada. Kinachobaki ni faili mbili zilizofungwa pamoja: picha kamili na kavideo kafupi kenye sauti. Samsung na Google walifuata na Motion Photo zao.

Kwa hivyo "kuigeuza" ni kutenganisha hizo mbili. Kwa iPhone fungua picha, gusa menyu, chagua kunakili, kisha uchague nakala iwe picha tuli. Kwa Google Photos, fungua menyu ya picha, tafuta sehemu ya kuhamisha, chagua picha tuli. Imeisha. Hakuna haja ya kununua programu ya mtu, na tafadhali usipakie picha za familia kwenye tovuti usiyoijua eti ikugeuzie bure. Ikiwa shida ni fomu ya mtandaoni inayokataa faili lako, hapo tatizo huwa si mwendo, ni aina ya faili: tangu 2017 iPhone huhifadhi kwa HEIC, na mifumo mingi bado inataka JPEG ya mwaka wa 1992.

Kitu ambacho wengi hawajui: ukibadilisha fremu kuu, ukachagua ile ulikuwa umefungua macho vizuri, unapoteza ubora. Kwa iPhone 6s picha kuu ilikuwa na megapikseli 12, na fremu za kavideo kama moja na nusu tu. Simu mpya zimepunguza hilo pengo. Na tangu Pixel 3 ya 2018, Google imekuwa ikipendekeza yenyewe fremu "bora", ile mtu hajapepesa macho, ile anatabasamu. Sijui mashine ilijuaje kwamba kutabasamu ndio ukweli wa hiyo siku. Kwa matanga je?

Na hapa ndipo naomba tuwe makini, hasa sisi. Juni 2024 nyingi ya picha nilizopokea kutoka mjini zilikuwa skrinishoti za video: zimekatwa, hazina saa, hazina mahali, hakuna sekunde ya kabla wala ya baada. Skrinishoti inabeba saa ya wewe kuibonyeza, si saa ya tukio. Nakala tuli iliyotolewa kwa njia niliyoeleza huja na tarehe yake, na mara nyingi mahali pia kama ulikuwa umewasha. Kama uko na kitu ambacho siku moja kitaulizwa kortini au na mama ya mtu, tuma nakala, lakini ile asili usiiguse. Hizo sekunde tatu zinaonyesha nani alisonga kwanza.

Upande mwingine wa shilingi ni sauti. Ile sekunde moja na nusu kabla ya kubonyeza ndiyo ile ambayo watu bado wanasengenya, wanataja pini ya M-Pesa, wanamwita mwenzao jina ambalo hakutaka litoke nje. Picha ya mtu aliyekuomba umfiche, igeuze iwe tuli, toa mahali, ndipo utume. Ukiwa na haraka, gusa tu ule mduara ulio juu ya skrini ya kamera kabla hujapiga, utazimika. Kwa iPhone utajiwasha tena ukifungua kamera, hadi uende kwa mipangilio ya kamera uiambie ihifadhi chaguo lako.